Kurudi kwa Sufuria ya Mama Nabintu

Sogeeni, enyi mpitao Alum Rock Road na mifuko ya bamia mikononi, nanyi mngojao basi huku mvua ikiwapiga usoni, nanyi mlioko jikoni mnaodai hamna nafasi. Zimeni redio, mtoto anayelia mpeni baba yake, mkae mkao wa kusikiliza. Habari inayoletwa mbele yenu si ya sultani aliyevunja ngome wala ya jemadari aliyevuka jangwa. Hao wamekwisha kusifiwa vya kutosha, na wengi wao hawakuwahi kuosha chombo. Hii ni habari ya Maulid bin Idarous, na ya sufuria. Twamwomba Mola Mkarimu atupe pumzi ya kuifikisha mwisho, maana njia ni ndefu na sufuria yenyewe ni nzito.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa elfu mbili na saba, katika jiji la Birmingham, ambako huyo Maulid, mzaliwa wa Unguja na mkaazi wa Bordesley Green, fundi wa mashine za kufulia asiye na mpinzani kwenye mitaa yake, aliinuka dhidi ya wagombea watatu akawashinda kwa kura thelathini na mbili, akawa diwani. Watu walimbeba. Mkewe Asmahan, mwanamke mwenye macho yasiyopitwa na jambo, alimwambia ashuke kabla hajaanguka. Kesho yake ikapikwa karamu ya ushindi, pilau la watu wote, na kwa kuwa nyumba ya fundi haikuwa na chombo cha kutosha umati ule, shujaa wetu alikwenda yeye mwenyewe mpaka Northfield, upande wa pili wa jiji, kwa Mama Nabintu.

Huyo Mama Nabintu alikuwa mtu wa Bukavu, mkimbizi, mjane, na ndiye mwenye sufuria. Ilikuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana baina ya Waswahili na Wakongomani wa jiji lile. Harusi zilipikwa ndani yake, na matanga, na ubatizo, na hata futari. Maulid alisimama mlangoni pake akatoa hotuba ndefu juu ya heshima na amana, akaahidi kuirudisha Jumatatu. Jumatatu ikapita, na ya pili yake ikapita. Kila alipopigiwa simu alijibu kesho, na alijibu kwa sauti nzuri mno, sauti ya kidiwani ambayo alikuwa bado anaizoea.

Basi ikawa Jumanne moja asubuhi, shujaa yu mbele ya kioo, amevaa suti iliyopigwa pasi na Asmahan, anajihutubia. Siku ile, saa saba na nusu mchana, angesema kwa mara ya kwanza mbele ya kamati ya bustani za jiji. Hotuba yake ilikuwa tayari, kurasa kumi na moja. Mwandishi wa gazeti alikuwa ameahidi kuja. Msikitini walikuwa wamekwisha kuambiwa. Ndipo simu ikalia.

"Papa Maulid, ni Mama Nabintu. Sikuite juu ya politique," ilisema sauti. "Mutoto wangu Héritier anafika leo. Nilimuachaka iko na miaka munane, sasa iko na kumi na saba. Papier za visa zilikuya zikakataliwa, zikakuya tena zikakataliwa, na leo ndege inashuka. Bantu ba kanisa bote banakuya. Sombe iko ku moto tangu asubuhi, lakini bugali nitasongea ndani ya nini? Ndani ya kikombe?"

"Mama," alisema Maulid, na hapo akanyoosha mgongo, "naapa kwako kwamba jua la leo halitazama..."

"Kule kwetu nabo ba députés ba bunge banaapaka," alisema Mama Nabintu. "Nataka sufuria saa kumi. Kama haifike, njo nitajua weye ni muntu ya namna gani." Akakata simu.

Maulid alikaa kitandani. Aliona haya, haya ya kweli. Alikuwa amezunguka milango yote ya kata yake akisema kuwa yeye si kama wale wanaoomba kisha wakasahau. Na chini ya ngazi, tangu siku ya karamu, ilikuwa imekaa sufuria ya mjane, imefunikwa na koti lake la mvua.

"Nimesikia mpaka huku," alisema Asmahan kutoka mlangoni. "Si nilikwambia siku ya pili tu, Maulid, rudisha sufuria ya watu? Ukaniambia una kikao. Kila siku kikao. Na hivyo ilivyo huwezi kuipeleka, ina ukoko chini."

Ole wake ukoko ule. Ulikuwa ukoko wa pilau lililoungua kwa sababu diwani mwenyewe, kwa furaha ya ushindi, alichochea moto huku akipeana mikono na wageni. Ukalala chini ya sufuria mweusi, mgumu, umejichimbia, na umepata majuma matatu ya kujiimarisha. Maulid alivua koti la suti, akafunga kanga ya mkewe kiunoni, akaingia vitani na waya wa kusugulia. Alishambulia kulia ukamrudisha kushoto. Alimwaga maji ya moto, akamwaga siki, akaomba magadi. Povu jeusi lilimrukia shingoni na tai ikapata jeraha lisilopona. Mara mbili aliinua kichwa kutaka kusema yatosha, na mara mbili Asmahan alitia kidole ndani akamwonyesha. Mwisho chini ya sufuria kukang'aa, naye akajiona humo, amechoka.

"Haya," alisema Asmahan, "sasa vitunguu."

Kwao, kurudisha chombo cha mtu kitupu ni aibu. Kwa hiyo sufuria ilijazwa vitunguu na viazi mpaka nusu, mfuniko ukafungwa kwa kamba, na ndipo shujaa alipokumbuka kwamba gari lake liko gereji tangu jana, limeanguka mtihani wake wa mwaka.

Alipanda basi. Itoshe kusema kwamba sufuria ilikaa mahali pa gari la mtoto, kwamba mama mwenye gari la mtoto alipanda kituo cha pili, na kwamba kuanzia hapo mpaka katikati ya jiji sufuria ilikaa mapajani pa mheshimiwa na mheshimiwa hakuona njia. Alifika kwenye jengo la halmashauri akitoka jasho. Pale mlangoni alisimama Lakhbir, mlinzi mwenye kilemba cha samawati, ambaye hakuna mtu wala kitu kilichopita bila kumpa habari zake.

"Ndani mna nini, Councillor?" aliuliza Lakhbir kwa Kiingereza.

"Ndani mna amana," alisema Maulid, "na neno la mtu mzima, na heshima ya kata nzima."

Lakhbir akafungua kamba, akatazama. "Vitunguu," alisema. Kisha akaigonga sufuria ubavuni kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bibi yangu alikuwa nayo kama hii. Iache hapa kwangu, hakuna atakayeigusa." Akaiweka nyuma ya meza yake, karibu na kiti chake.

Ukumbini ajenda ilikuwa moja: je, mabenchi ya bustani yapakwe rangi ya kijani au ya kahawia? Mbele ya Maulid katika orodha ya wasemaji alikuwepo mmoja tu, lakini mmoja huyo alikuwa Albert, Albert wa Pumzi Ndefu, diwani wa miaka mingi, mzee mwenye mashavu mekundu na upendo mkubwa kwa rangi ya kahawia. Albert akainuka. Alianza na benchi alilokalia utotoni. Akaingia kwenye mbao, akatoka kwenye mbao akaingia kwenye misumari. Saa nane ikapita. Mwandishi wa gazeti, aliyekuja kwa ajili ya Maulid, alianza kuchora maua kwenye karatasi yake. Saa nane na nusu ikapita, na Albert alikuwa bado hajafika kwenye rangi.

Maulid alitazama saa ya ukutani. Kutoka pale mpaka Northfield basi lilitaka karibu saa nzima, kama njia haikufunga. Alizishika kurasa zake kumi na moja. Humo mlikuwa na babu yake, mlikuwa na Unguja, mlikuwa na sehemu kuhusu vivuli vya miti ambayo Asmahan alisema ni nzuri, na Asmahan hasifu ovyo. Na hapo shetani wa siasa, anayekaa katika kila ukumbi wa namna ile, akamnong'oneza: mama yule anakaa Northfield, si kata yako. Tena si raia bado. Wewe mtu wa Jumuiya ya Madola ulipewa kura tangu uliposhuka. Yeye mkimbizi wa Kongo hana. Hata ukimpelekea sufuria ya dhahabu hatakuongezea hata kura moja. Kaa, useme, upigwe picha.

Ilikuwa hoja nzuri. Maulid aliisikiliza mpaka mwisho, na aliposikia jinsi ilivyokuwa nzuri akaogopa, kwa kuwa ilikuwa inasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kwenye simu, ile ya kesho. Akamfikiria kijana wa miaka kumi na saba akiingia mlangoni na mvuke wa sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, umejaa nyumba, na mama yake hana pa kusongea.

Saa tisa kasoro dakika chache, Albert alinyoosha mkono akanywa maji.

Hapo, wasikizi, ukuta ulipata ufa. Kabla glasi haijarudi mezani Maulid alikuwa amesimama, mkono juu, na mwenyekiti, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitafuta njia ya kuokoka, akamtaja jina haraka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema shujaa, na hii ndiyo hotuba yake ya kwanza yote, haikupunguzwa neno, "naunga mkono kijani, kwa sababu kahawia haionekani wakati wa majani kupukutika na wazee watayakosa mabenchi. Nakuomba uitishe kura sasa, kuna mama ananingoja."

Mtu wa nyuma akapiga meza, na mwingine, na wote, isipokuwa Albert, aliyekuwa na maji mdomoni. Kura ikapigwa palepale. Kijani ikashinda. Mwandishi wa gazeti aliinua kamera, lakini alichokipata ni mgongo wa mtu anayetoka mbio.

Aliichukua sufuria kwa Lakhbir, akapanda basi la Northfield, nalo likajaa, njia ikafunga, ikafunguka. Maulid aliposhuka mbele ya maduka ilikuwa imebaki robo saa, na kutoka pale mpaka kwa Mama Nabintu ni mlima. Alijaribu kuikumbatia sufuria, mikono ikakataa. Alijaribu bega, bega likakataa. Basi akazitoa zile kurasa kumi na moja, za babu na za vivuli vya miti, akazisokota, akazifanya ngata, akaiweka sufuria kichwani kama alivyowaona mama zake wakifanya, na katika barabara kuu ya Northfield, mbele ya watu waliotoka kununua soksi, diwani wa jiji la Birmingham akapanda mlima na suti yake, shingo imenyooka, hageuki kulia wala kushoto. Gari moja lilimpigia honi. Yeye alilipungia mkono, kwa kuwa wapiga kura wako kila mahali.

Mama Nabintu alikuwa amesimama mlangoni. Alimtua sufuria, akamimina vitunguu na viazi kwenye beseni, akaiinamisha kwenye mwanga, akapitisha kiganja chini yake polepole, mzunguko mzima.

"Mama Nabintu," alianza Maulid akihema, "siku ya leo, mbele yako na mbele ya—"

"Umesugua muzuri," alisema Mama Nabintu. "Vua koti. Maji inachemuka, na bamama ba chorale ya kanisa bachoka mikono. Bugali ya hii ukubwa inaomba mwanaume."

Akapewa mwiko mrefu kama kasia. Maulid akasonga. Ugali wa Wakongomani ni mgumu kuliko wa kwao, nao unasongwa mpaka mtu aone nyota. Akasonga kwa mkono wa kulia, akasonga kwa wa kushoto, Mama Nabintu kando yake akimwaga unga na kumwambia kila mara kuwa bado.

Mlango ukafunguliwa. Mbele ya watu wa kanisa waliokwenda kumpokea uwanja wa ndege, aliingia kijana mrefu, mwembamba, na mfuko mmoja wa plastiki mkononi, akasimama palepale, kwa sababu hakujua mama yake ni yupi kati ya wanawake wale. Mama Nabintu alijua. Alikwenda kwake na unga mpaka kwenye viwiko, akataka kumshika uso akaukuta uko juu, akamshika kifua, akalia bila kujificha, na kijana akalia, na bamama ba chorale walioanza wimbo wakaukatisha njiani. Maulid naye alilia, lakini hakuacha kusonga.

Baadaye sana Héritier alijifuta macho, akatazama ile nyumba ambayo ilikuwa sasa nyumbani kwake, akamwona mtu mzima amesimama jikoni, ana tai yenye doa jeusi na unga kwenye nywele, ameshika mwiko kwa mikono miwili. Alimwamkia kwa adabu. Kisha akamuuliza mama yake kwa sauti ya chini, "Na huyu papa, ni nani?"

Mama Nabintu, asiye na kura Birmingham wala mahali pengine popote duniani, aligeuka akamtazama Maulid juu mpaka chini.

"Huyu?" alisema. "Huyu njo diwani wetu."

Basi iandikwe katika tarehe za miji, chini ya vita na juu ya mafuriko, kwamba mnamo Jumanne ile Maulid bin Idarous alichaguliwa.