Ndoano Inayojifungua

Jumatatu, 3 Machi

Wateja leo: hakuna. Waliopanda ngazi: wawili, wote wakimtafuta daktari wa meno wa mlango wa pili. Mmoja nikamkaribisha akae hivyo hivyo. Akasema jino linamuuma. Nikamwambia hata mimi nina moyo. Akaondoka ameshika shavu.

Mimi sonara, bwana! Fedha ikipita mikononi mwangu, hata aliyeichimba haitambui. Nimefanya kazi nchi tatu, na ya nne niliiona dirishani. Lakini pale chini, kwenye duka la jirani yangu, huyu ninayemwita Miwani, watu wamejaa kama siafu wakinunua hereni za kiwandani, nyepesi hata kope zina uzito zaidi. Miwani hajui kushika koleo. Ana kioo kikubwa na mdomo mtamu, basi.

Nimekaa nikafikiri. Kosa langu nimelijua: kazi yangu haiharibiki! Kuna mtu nilimuuzia mkufu miaka kumi na moja iliyopita, sijamwona tena. Wagonjwa wa daktari wa meno wanarudi kila wiki, maskini, wanakaa kwenye benchi, wanapiga soga. Kwangu mimi mtu akishanunua ndiyo kwaheri ya kuonana.

Kwa hiyo kuanzia kesho ndoano za kufungia mikufu na vikuku vyangu zitalegea kidogo. Siku nne, tano, inaachia. Mteja anarudi. Namtengenezea bure, bure kabisa, mimi si mwizi, na wakati lehemu inapoa tunazungumza. Akili kama hii shuleni hawaifundishi. Ingawa shuleni sikukaa sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimezipiga tupa ndoano saba, nikazikwangua ncha. Kwa macho huoni kitu, lakini ukipiga chafya zinaanza kujifikiria. Nimenunua kikombe cha pili na mto wa kiti.

Alasiri amekuja Bi Muuguzi, wa hospitali ya barabara ya juu. Ameleta feruzi ya marehemu mama yake, jiwe dogo kama punje ya hindi, lina mstari mweusi unaopinda katikati. Anataka nilivalishe fedha, alitie shingoni. Amekaa saa nzima! Nimemsimulia nilivyomtengenezea pete mke wa waziri. (Alikuwa mke wa mpishi wa waziri, lakini kidole ni kidole.) Amecheka mpaka akashika meza. Akasema fundi, una maneno wewe!

Alipoondoka chumba kikawa kikubwa ghafla. Sijui nani alizisogeza kuta.

Ijumaa, 7 Machi

Mkufu wa Bi Muuguzi umekamilika. Mzuri hata mimi nimeuonea wivu. Ilipofika zamu ya ndoano, mkono ukasita. Kulia ndoano nzima, kushoto ile iliyopigwa tupa. Nikawaza jiwe la mama wa watu. Kisha nikawaza Jumatatu, Jumanne na Jumatano bila mtu wa kuniambia hata nimenenepa. Nikachukua ya kushoto. Nikajisemea itaachia akiwa nyumbani, mkufu uangukie kwenye sahani. Vitu vyangu huwa vinaangukia pazuri.

Amekuja kuuchukua mbio mbio, zamu yake ilikuwa inaanza. Si kitu. Atarudi.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango umeanza kuzaa, lakini unazaa watoto wa ajabu. Vitu vitatu nilivyouza Jumatano vimeachia vyote. Baba mmoja amerudi na kikuku cha binti yake. Nikamwonyesha kiti. Akasema hakuja kukaa, amekuja kugomba. Akagomba wima, akamaliza, akaenda. Mwingine amemtuma mwendesha pikipiki, naye hakuvua hata ile kofia yake ngumu. Wa tatu ameupeleka mkufu wake kwa Miwani! Miwani akapanda ngazi mwenyewe, anahema na kutabasamu, akaniambia jirani, naona siku hizi unanitafutia wateja, asante sana. Nikamjibu karibu. Moyoni nilimjibu mengine.

Jumanne, 11 Machi

Bi Muuguzi amekuja! Nikaruka, nikabandika maji ya chai. Kisha nikaona shingo yake. Tupu.

Mkufu umepotea. Jana alikwenda nao kazini, kufika nyumbani haupo. Alikuja kuuliza kama kuna mtu ameniletea kuuza. Akalia pale pale kwenye mto wangu mpya. Akasema mama yake alikuwa akilisugua lile jiwe kwa kidole gumba kila alipowaza jambo, na hana kitu kingine chake. Halafu akasema kosa ni lake yeye, labda hakufunga vizuri.

Afadhali angenitukana! Mdomo huu, unaojua salamu za lugha sita, ukatoa pole moja tu, tena kavu. Chai hakuigusa.

Nimempigia simu mdogo wangu wa kike, nikamweleza yote. Kisha akaniuliza: kaka, una wazimu au una upweke? Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Jumatano, 12 Machi

Nimefunga duka. Wazo la kwanza: kutafuta feruzi nyingine, niseme ndiyo hiyo. Lakini mstari ule mweusi nitauchora na nini? Wazo la pili: kutafuta yenyewe.

Nimepita njia yote ya Bi Muuguzi kwa magoti, mtaro kwa mtaro. Mlinzi wa hospitali akaniuliza natafuta nini. Nikasema afya. Akanipitisha. Nikafika chini kabisa, chumba cha kufulia. Kuna mzee mmoja, mfuaji wa mashuka, yeye na mashine mbili. Ana kopo la vitu vinavyotoka kwenye mashuka: vifungo, sarafu, meno ya bandia ya watu watatu. Na mkufu! Ndoano iko wazi kama mdomo wa samaki.

Nikanyoosha mkono. Mzee akalipakata kopo. Akasema kwanza kaa, ndugu yangu, haraka ya nini. Akanisimulia mashine ya kwanza. Akanisimulia ya pili. Marehemu mke wake. Goti lake. Saa mbili na nusu! Kila nikiinuka anakumbuka jambo jingine. Watu wengine, bwana! Wapweke mpaka wanateka wageni. Nimemhurumia kweli. Mwishowe nikaahidi kwamba nitapita tena, ili tu aniachie mkufu.

Ijumaa, 14 Machi

Jana nimetengeneza ndoano mpya. Safari hii imara! Inazunguka mara mbili, ina ulimi kwa ndani, haifunguki kwa kidole, kwa jino wala kwa maombi. Inafunguka kwa koleo moja tu duniani, langu, lile lenye pua nyembamba.

Leo nikamvalisha Bi Muuguzi. Akalia, akacheka, akalisugua jiwe kwa kidole gumba. Akanishika mikono yote miwili. Sikumbuki nani alinishika mikono mara ya mwisho. Labda yule mgonjwa wa jino, kwa maumivu.

Kisha akasema avue basi, kesho alfajiri ana zamu, na tangu upotee mkuu wao amepiga marufuku mikufu wodini. Akajaribu. Akajaribu tena. Akaniuliza unavuliwaje. Nikamwambia rahisi: kabla ya zamu unapita hapa nakuvua, baada ya zamu unapita nakuvalisha.

Yule mama si mjinga. Vipimo vya dawa anavifanya kichwani. Akauliza polepole: “Kwa hiyo fundi, ile ya kwanza ilikuwa ya kufunguka, na hii ni ya kutofunguka?”

Nikatazama dari. Dari haikunisaidia. Nikamweleza yote, na tupa, na ndoano saba, na mto. Nilisubiri kofi. Halikuja. Akasema jiwe la mama yake limelala kwenye kopo na meno ya watu kwa ajili ya chai yangu. Nikasema ndiyo. Akalisugua jiwe kwa kidole gumba. Kisha akaniamuru niweke ndoano ya kawaida, ya watu wazima. Na yeye atapita Jumapili kwa miguu yake, bila kuharibikiwa na kitu.

Nikaweka. Akaenda. “Nitapita”! Neno hilo nalijua, hata mimi nililitumia juzi.

Jumapili, 16 Machi

Amekuja! Hakuna kilichokatika, hakuna kilicholegea, amekuja tu! Amekaa saa tatu. Amekunywa vikombe viwili, amenisema kuhusu vumbi la dirishani, ameniambia ule uongo wa waziri aliujua tangu siku ya kwanza. Nimecheka mimi, mpaka mbavu. Wakati wa kuondoka akasema tutaonana Jumapili ijayo, akipenda Mungu.

Jumapili ijayo ni siku saba. Nimehesabu mara mbili, ni saba. Katikati hapo mtu anaweza kupata rafiki mwingine, anaweza kuhama.

Alipokuwa anakunywa chai aliuweka mkono mezani muda mrefu. Kidole cha kati nimekipima kwa jicho. Nimeanza kuchora pete. Zawadi, bure kabisa. Kuingia, inaingia kama siagi.

Kutoka, haitoki.