Yai la Kanga na Kivuli cha Mtufaha

Alhamisi Kuu, 2 Mei

Mtufaha wa mama mkwe umechanua wote. Nimelala chini yake tangu asubuhi. Maua yananidondokea usoni, nyuki wanavuma, na zile nyuzi nyekundu na nyeupe tulizofunga matawini mwezi wa Machi kukaribisha majira ya machipuko zinapepea taratibu. Nusu nilikuwa usingizini, nusu peponi. Kisha nikakumbuka kwamba Stamen anakuja Jumapili.

Stamen ni mwanyumba wangu. Yeye kaoa dada mtu, mimi nikamwoa mdogo, Nevena. Na nyumba hii ina sheria, aliiweka marehemu baba mkwe. Siku ya Pasaka tunagonganisha mayai mekundu. Ambaye yai lake litabaki zima hashiki jembe hadi kiangazi, yeye ni kulala chini ya mtufaha. Mwenzake analima shamba la viazi. Kila mwaka Stamen hulala. Kila mwaka mimi hulima, naye hunipigia kelele kutoka kivulini, "Inama vizuri, mwanyumba, kiuno hicho si pambo."

Mwaka huu haponi. Jirani yetu Minka anafuga kanga, na ganda la yai la kanga ni gumu kama kokwa. Nikampa chupa ya pombe kali ya matunda, akanipa yai moja na kuapa kufunga mdomo. Mama mkwe alipogeuka kutafuta siki, nikalitumbukiza kwenye sufuria ya rangi pamoja na mayai ya kuku. Hakuna aliyeona. Mimi ni mtu hatari.

Jioni. Balaa. Yai la kwanza kutoka sufuriani haliliwi wala haligonganishwi. Ni la Mama wa Mungu. Nililisahau hilo, mimi niliyezaliwa kijiji hiki hiki. Mama mkwe akafumba macho, akachota kwa kijiko, akatoa langu. Akatuchora nalo msalaba kwenye paji la uso, mmoja mmoja, tuwe na afya. Kisha akaliweka kwenye rafu mbele ya ikoni, picha takatifu ya Mama wa Mungu, likae mwaka mzima kulinda nyumba. Alisema ni dogo lakini lina sura. Nami ninayo rangi yake usoni hadi sasa.

Ijumaa Kuu, 3 Mei

Leo hakuna jembe, hakuna sindano, hakuna nyama. Maharage. Nimeshinda mbele ya ikoni nikilitazama yai langu. Kwenye rafu yako mawili. Langu liko kulia. Kushoto ni la mwaka jana, ambalo Jumapili litazikwa shambani ili mvua ya mawe isitupige viazi. Nalo ni dogo, lilitagwa na mtetea.

Nevena akaniuliza tangu lini nimekuwa mcha Mungu. Nikamjibu tangu jana. Akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. Nikajisikia vibaya. Kidogo.

Jumamosi Kuu, 4 Mei

Wanawake wamekwenda kanisani na maua. Nikapanda kigoda. Mpango wenyewe rahisi: nichukue la kulia, niweke la kuku mahali pake. Lakini Mama wa Mungu alikuwa ananitazama. Haki ya nani, macho yale yanajua kila kitu. Basi nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikapapasa kulia. Dogo, laini, baridi. Likaingia mfukoni, la kuku likakaa mahali pake.

Mchana nikalala chini ya mtufaha, yai kifuani. Nikamwota Stamen analima. Analima tu, matuta ya viazi yanaupanda mlima wa Balkani mpaka kwenye theluji, na korongo anatembea nyuma yake akimwambia ainame vizuri. Sikutaka kuamka.

Jumapili ya Pasaka, 5 Mei

Meza chini ya mtufaha. Stamen kaja na shati jeupe, ananukia marashi. Akaniuliza kama jembe nimeshalinoa. Nikatabasamu kama mtakatifu. Akanyoosha yai lake. "Kristo amefufuka." Nikamjibu, "Kweli amefufuka," nikagonga.

Mlio mdogo, kama mtu anayekohoa. Kisha harufu.

Wanasema yai la Alhamisi Kuu haliozi kamwe. Wanaosema hivyo hawajawahi kulipasua. Shati la Stamen ndilo la kwanza kuharibika. Mkewe akakimbia na mkate mtamu kwenda kuuokoa. Paka wa Minka, aliyekuwa amelala ukutani, akashuka akaenda zake. Stamen, mkono puani, akasema, "Mwanyumba, hilo lako halikufufuka."

Mama mkwe hakukimbia. Aliketi akiyatazama maganda. Ndipo nikatambua kwamba nimelipasua la mwaka jana, na nikakumbuka. Kwa yai lile, Pasaka iliyopita, alimchora mume wake msalaba usoni. Majani yalipoanza kudondoka, mzee akafariki. Nilitamani ardhi inimeze. Nevena hajanisemesha hadi sasa, na ana haki.

Jumatatu, 6 Mei, Mtakatifu Georgi

Siku ya jina langu, maana Gancho ni Georgi tu aliyefupishwa. Siku hii hualiki mtu, wanakuja wenyewe. Mtaa mzima ukaja kula mwanakondoo, na mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari. Nikajificha nyuma ya banda.

Mama mkwe akanikuta huko. Alikuwa na maganda kwenye leso. Tukayazika pamoja penye shina la mtufaha. Akaniambia alijua tangu Alhamisi, kuku wake hawatagi mayai yenye ncha kama yale. Ndiyo maana Ijumaa, aliponiona nimeshinda nikilitazama, usiku aliyahamisha, langu akaliweka kushoto. Hakujua tu kwamba mtu mzima anaweza kuiba amefumba macho. Nikamwomba radhi.

Akasema marehemu angecheka mpaka aanguke kitini. "Wewe ni mjinga, Gancho. Lakini ni mjinga wetu." Akanibusu kwenye paji, akanitakia heri ya jina, akasema yai la kanga litabaki pale pale litulinde. Nililia waziwazi, kwa pua na macho. Nikaapa mbele ya mtufaha kwamba nimekoma.

Jumanne, 7 Mei

Nimelima tangu asubuhi. Mgongo si wangu tena. Stamen amelala kwenye kivuli changu, kofia usoni, maua yanamdondokea yeye. Nevena kaniletea maji, akacheka kidogo. Tumepatana.

Nilipoegemea jembe, macho yakaanza kunilegea, wazo likaja lenyewe. Yai la kanga, gumu tangu kuzaliwa, likikauka mwaka mzima pembeni mwa taa ya ikoni litakuwa jiwe. Pasaka ijayo ni lazima lishushwe. Wala huo si wizi, yai ni langu. Kazi ni kukumbuka upande tu. Jipya litakaa kulia, langu kushoto.

Au ni kinyume chake.