Utafiti wa Majivu, Sagalla: Mwandoe na Mghoi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Hatimaye kazi ya maana! Dkt. Saadiya, mkuu wetu, anataka tukusanye tafiti za dunia nzima kuhusu kunawa mikono kwa majivu pale maji yanapokosekana, tuzipime zote, tutoe jibu moja. Sharti: tafiti za Kiingereza tu. Wangu ni wa Kiswahili. Nyumba sitini, Sagalla, mwaka 2011, mimi na nesi Eddah Mghoi, tukihesabu wanaohara kwa miezi sita. Ulichapishwa katika jarida la chuo, ukafia kabatini. Eddah akahamia Taveta. Miaka kumi na minne nimetamani kitu kimoja: majina yetu mawili yaandikwe pamoja mahali fulani, naye ayaone.

Jumatano, 11 Juni

Nimehutubia ofisi nzima. Nimesema wanaonawa kwa majivu hawaandiki Kiingereza, na tukisoma Kiingereza peke yake jibu letu litaegemea kwa wenye mabomba. Festus, adui yangu wa meza ya pili, akauliza kama kwa bahati nina utafiti wangu wa Kiswahili. Nikasema sikumbuki. Dkt. Saadiya akasema hoja ni ya kweli hata kama imetoka kwangu. Lugha zote zimeruhusiwa! Akauliza nani anasoma Kireno, maana Msumbiji wameandika mengi. Mkono wangu ukainuka wenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Kireno si kigumu. Makala saba. Nimepitisha nne.

Jumatatu, 16 Juni

Kireno ni kigumu. Kumbe kila makala husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuchungulia alama za mwenzake. Msomaji wa pili yuko Maputo. Ameandika kwa adabu kwamba ile niliyoipa alama za juu kabisa inahusu mbuzi. Festus alicheka mpaka akatoka nje.

Si kitu. Rundo la Kiswahili limefunguliwa na lina makala moja tu. Yetu! Nikajitolea kuisoma. Dkt. Saadiya akanieleza polepole kwamba mwandishi hajipimi mwenyewe. Wataisoma yeye na Festus. Festus!

Jumatano, 18 Juni

Festus ana swali. Makala inasema kura ndiyo iliyoamua nyumba zipi zitumie majivu na zipi sabuni. Mbona zote za sabuni ziko kando ya barabara, na zote za majivu ziko juu mlimani? Kura gani hiyo iliyojipanga foleni?

Hapa daftarini naweza kusema ukweli. Za sabuni alizitembelea Phoebe, msaidizi wetu, kwa bodaboda. Za majivu zilikuwa zetu, mimi na Eddah, kwa miguu. Mwendo wa saa nne kwenda na kurudi. Nilizichagua kura zangu macho wazi.

Nikajibu kwamba sikumbuki. Basi Dkt. Saadiya akafuata utaratibu: makala ikiwa na utata, mwandishi huulizwa. Amemwandikia Eddah. Sijala chakula cha mchana. Leo atasoma jina langu!

Ijumaa, 20 Juni

Amejibu! Nakala kwangu. Nimeisoma mara kumi na moja.

"Daktari, habari za kazi. Kura ilipigwa kwa kofia, lakini zile nyumba za mbali Bonface alizitoa akaziweka kwa majivu, ndio tutembee na yeye. Nilimwona. Sikusema kitu kwa vile hata mimi nilipenda hiyo njia. Nilingoja aniambie neno, akaniambia mambo ya kuhara miezi sita. Msalimie. Namba yangu ni ile ile."

Aliipenda ile njia! Nimekaa na barua hii nikitamani kulia na kuimba kwa pamoja. Jioni Dkt. Saadiya ameuondoa utafiti wetu. Amesisitiza kwamba lugha haina kosa. Kosa ni langu.

Jumatatu, 23 Juni

Orodha ya tafiti zilizoondolewa imetoka. Wa mwisho kabisa: Mwandoe na Mghoi, Sagalla, Kiswahili; sababu, kura haiaminiki. Majina yamekaa pamoja! Nimeibandika ukutani.

Festus ameniuliza, kwa upole ambao sikuuzoea, kama nimempigia Eddah simu. Nimemwambia jambo kama hili halifanywi kwa simu tu. Linataka mpango, na ninao. Utafiti mpya, Kasigau, nyumba themanini. Nitamwandikia Eddah barua rasmi, yenye mhuri, nimwombe awe mtafiti mwenza. Kuhusu mengine nitamwambia njiani, tukishamaliza mambo ya kuhara.

Na safari hii kura itakuwa ya haki: kofia, mashahidi, kila kitu. Ni zile nyumba za upande wa pili wa mlima tu ambazo nimezitoa kwenye kofia mapema. Hizo tutakwenda sisi.