Sehemu ya Uhuru Imeahirishwa

Wananchi wote wa Kisarawe wanatangaziwa kwamba kuanzia leo wataukumbuka ukoloni ipasavyo.

Tangazo hilo lilibandikwa mwaka 1976, na halikuja bure. Mpaka wakati huo kila mtu alikuwa akiukumbuka ukoloni kivyake, nyumbani kwake, bila kibali wala utaratibu, na wapo waliokuwa wakiukumbuka hata wakati wa kula. Ndipo ikaundwa Kamati ya Kuukumbuka Ukoloni kwa Pamoja, ikapewa ghala la zamani la korosho, meza mbili na Mwenyekiti mmoja mnene, Ndugu Anselmi.

Kazi yenyewe aliachiwa Mwinyimadi, afisa utamaduni, mzaliwa wa Msimbu. Huyu akipata wazo hapati usingizi. Alitundika mashuka meupe ghala zima, akatafuta mashine ya picha, akaiunganisha na betri ya trekta, picha za minyororo na mashamba ya mkonge zikawa zinatembea juu ya mashuka na juu ya nyuso za watu. Tepurekoda ikawa inatoa sauti za viboko, za watoza kodi na za wazee wakisimulia. Na katikati ya ghala akaweka machela: turubai lililofungwa kwenye mti mrefu, Mzungu analala ndani, Waafrika wanne wanabeba. Mwishoni wabebaji wanaimba wakifuata wimbo wa tepurekoda, wimbo ukiisha tepurekoda inapaza sauti, "Uhuru!" Hapo wote wanne wanauachia mti kwa pamoja, na mkoloni, ambaye alikuwa gunia la pumba lenye kofia, anaanguka pu!

Mwisho huo aliutunga kwa ajili ya baba yake. Mzee Mbaraka ujanani alimbeba Bwana Shauri, afisa wa Kiingereza wa wilaya, kutoka Kisarawe hadi Msimbu, na mpaka leo alikuwa na nundu begani, upande wa kulia.

"Kila tukifika kijitoni nilikuwa najiambia, leo namwaga," alimwambia mwanawe. "Sikumwaga. Inaniuma mpaka kesho."

Mwinyimadi alitaka baba yake, kabla hajafumba macho, aone Bwana akimwagwa. Alikuwa hataki kingine.

Kamati ikaja kukagua. Ndugu Anselmi akalitoa gunia, akaingia mwenyewe kwenye machela kwa ajili ya tathmini. Alitathmini robo saa ndani ya ghala, kisha akaagiza tathmini iendelee nje, mpaka kwake, kwa chakula cha mchana.

"Haiyumbi," alisema, macho ameyafumba. "Mkoloni alikuwa mnyonyaji, lakini vifaa alikuwa navyo."

Siku hizo Jumapili, ikishapita saa nane mchana, magari yalikuwa marufuku barabarani ili kubana petroli. Ndugu Anselmi alikuwa na shughuli nyingi za Jumapili alasiri, na ghafla akaona mwanga.

"Machela haina injini," aliieleza kamati. "Hainywi petroli, inakula muhogo. Ndugu zangu, huu ndio usafiri wa kujitegemea."

Kamati ikapiga makofi. Wabebaji wakapewa cheo cha Wananchi Wabebaji. Kiongozi wao, Mashaka, akanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, mpunga wetu unataka palizi. Majani yametufika kiunoni."

"Na historia nayo inataka kubebwa," alijibu Ndugu Anselmi. Kisha akamgeukia Mwinyimadi. "Ile sehemu ya mwisho, ya kuangusha, iondoe."

"Lakini ndiyo uhuru wenyewe, Ndugu Mwenyekiti."

"Najua. Nani anaupinga uhuru? Nasema uahirishwe. Tuanze na ukoloni kwanza, tuumalize vizuri. Au unataka kuhamishiwa Rufiji, ukafanye utamaduni kwenye mafuriko?"

Mwinyimadi alikuwa na mke na watoto. Akakubali. Utepe wenye neno lile hakuukata, roho ilikataa, ila aliahidi kuizima tepurekoda kila wimbo unapoisha.

Siku ya tatu Mzee Mbaraka akafika kwa miguu kutoka Msimbu, amevaa kanzu ya sikukuu, amekuja kuona Bwana akimwagwa. Ndugu Anselmi akampokea mlangoni kwa furaha.

"Shikamoo mzee. Tunaambiwa wewe ni mtaalamu."

"Marahaba. Mtaalamu wa nini?"

"Wa mwendo. Vijana hawa wananitikisa sana. Wafundishe ule mwendo wa zamani."

Mzee akamtazama mwanawe, si yule Mwenyekiti.

"Mwinyimadi, yule Mwingereza hakuniita mtaalamu. Alinipiga teke tu. Afadhali yeye."

Akageuka, akaondoka bila hata kunywa maji. Mwinyimadi aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

Jumapili iliyofuata mkaguzi kutoka makao makuu, Mama Adventina, alikuwa Msimbu, amefika tangu jana yake. Ndugu Anselmi akatoka Kisarawe alasiri kwenda kumlaki, amejilaza kwenye machela, mwavuli mkononi. Alipanga kushuka karibu na kijiji na kuingia kwa miguu, lakini turubai lilimbembeleza, akapitiwa na usingizi. Mwinyimadi alifuata nyuma na tepurekoda, kwa sababu Mwenyekiti alipenda wimbo wa wabebaji safarini.

Walipoingia kijitoni, maji ya masika yakiwa magotini, wakaona Msimbu nzima imejipanga ng'ambo kupokea wageni. Mama Adventina alikuwa mbele, na pembeni yake Mzee Mbaraka. Wimbo ulikuwa unaishia. Kidole cha Mwinyimadi kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima. Akaliona lile bega la baba yake, akaondoa kidole.

"Uhuru!" ilipaza sauti tepurekoda.

Wabebaji hawakuwa na ubaya na mtu. Walifundishwa kwamba wakisikia uhuru waachie. Wakaachia.

Ripoti ya kamati ilikuja kuandika kwamba Mwenyekiti aliteremka mtoni.

"Ndugu Anselmi!" Mama Adventina aliita kutoka ukingoni. "Ni nini hiki? Kiongozi unabebwa na wakulima?"

Miaka hiyo swali kama hilo lilitosha kumwachisha mtu kazi kabla hajakauka. Ndugu Anselmi akatema tope.

"Ni onyesho, mama. La ukoloni. Hii ilikuwa sehemu ya uhuru."

"Na mkoloni ni nani?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mwingine aliyelowa mpaka kichwani.

"Mimi."

Mama Adventina akapiga makofi, na Msimbu yote ikafuata kwa vigelegele. Alisema amekagua maonyesho mengi ya mikuki na vyungu, lakini hajapata kuona kiongozi aliyekubali kudhalilika kwa ajili ya elimu ya umma. Akaagiza papo hapo kwamba onyesho lizunguke kila kijiji, Marui, Chole, mpaka Mlandizi, na mkoloni awe yule yule.

"Tuna gunia la pumba, mama," Ndugu Anselmi alijaribu.

"Gunia halina hisia. Hebu rudieni, nichukue maelezo."

Mzee Mbaraka alikuwa ameshapandisha kanzu na kuingia majini. Akamgusa Mashaka, Mashaka akampisha, na mzee akaweka bega lake chini ya mti, mbele, upande wa kulia. Ndugu Anselmi akapanda, maji yakimchuruzika.

"Mwinyimadi," mzee aliita bila kugeuka, "rudisha huo utepe. Ila usirudishe mbali."