Nilivyoombewa kwa Kuongea na Kompyuta

Jamani, mchana huu nimeadhirika mbele ya katekista. Bora mlisikie kwangu kabla halijafika sokoni.

Shule imefungwa. Walimu wenzangu wameteremka Mbamba Bay kwa ndugu zao. Mimi mgeni nimebaki Mbinga na mvua. (Ndugu zangu wako Mwanza. Hunipigia sikukuu.) Nikaamua kuandika programu ya ukoo kwa Prolog, lugha ya kompyuta. Unaipa kanuni, unaiuliza nani ni ndugu wa nani, inatafuta jibu yenyewe.

Nikaweka jina la marehemu mama, Veronika, na la mdogo wangu, Stefano. Nikauliza: je, Veronika ni ndugu wa Stefano?

Kimya. Kompyuta ikapata moto kama pasi.

Nikaisimamisha, nikafungua rundo la maswali iliyoyaanza bila kuyamaliza. Humo unaona kila swali limeitwa na lipi. Mimi husoma kwa sauti. (Nyumba nzima sauti ni hiyo moja.)

"Veronika, nani amekuita? Stefano! Na wewe Stefano, nani amekuita? Veronika tena! Mama, mbona mnarudirudi? Mnataka nini?"

Kumbe kosa ni langu! Niliandika kwamba A ni ndugu wa B ikiwa B ni ndugu wa A. Basi wakawa wanaulizana tu, hakuna wa kujibu.

Mlango ukafunguka. Mama Faraja, jirani yangu, kumbe amenisikia ukutani nikimwita marehemu; yuko na katekista na akina mama wenye rozari. Mimi niko na blanketi mabegani.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba. Mwalimu, mama yako ameanza kukujia lini?"

"Hapana! Ni programu!"

Nikawaonyesha skrini. Veronika, Stefano, Veronika, Stefano, mpaka chini. Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba. Kabla sijaeleza, kompyuta ikanyunyiziwa maji ya baraka! (Kibodi imekufa. Haya naandika kwa simu.)

Nikaeleza mpaka jasho likanitoka. Katekista akaitikia kwa adabu. Mama Faraja yeye alikuwa anatazama sufuria yangu ndogo.

"Mwalimu, tangu shule ifungwe umekula na nani?"

Nikaifunika sufuria.

"Basi," akawaambia wenzake, "Alhamisi jumuiya inasali hapa."

Hakuna aliyeniuliza. Na mimi, jamani, sikukataa.

Sasa nina kiti kimoja tu. Anayecheka aje na benchi.