Kemokini Zangu Zimepandishwa na Shemeji

Gratien, mwuza ndoo na mabeseni,
Gitega, Nyarugenge,
Kigali.

Kwa Daktari Connie Kamanzi,
Mkurugenzi, Maabara ya Utafiti wa Kinga na Uvimbe wa Mwili,
Barabara ya Sonatubes, Kicukiro.

YAH: KUONDOLEWA KWANGU KATIKA KUNDI LA WENYE AFYA, NA OMBI LA BARUA YENYE MUHURI

Mheshimiwa Daktari,

Nakuandikia nikiwa nimeketi, tena kwenye ndoo iliyofunikwa, kwa sababu kiti changu kina mtu. Nitafika huko. Kwanza pokea heshima zangu zote, wewe pamoja na mashine zako.

Huenda hulijui jina langu, ila damu yangu unaijua. Katika utafiti wenu wa watu wanaoumwa viungo, mlihitaji pia watu wasioumwa chochote, ili wagonjwa walinganishwe nao. Mimi nilijitolea. Sista Mutoni, muuguzi wenu, alinieleza kila kitu kwa subira, nami nilikishika: kemokini ni protini ndogo sana ambazo seli hutoa zikiwa taabuni, ili kuwaita askari wa damu waje mahali penye jeraha au ugonjwa. Kwa mtu mwenye afya wito huo ni mnong'ono. Kwa mgonjwa ni makelele. Katika ile sahani yenu ya visima tisini na sita, visima vya wagonjwa viligeuka manjano, na vyangu vilitoka karibu vyeupe, kila mara, bila kunung'unika.

Kulinganishwa nako ni kazi, Daktari. Hapa Gitega majirani walipopata habari, walianza kuniletea maradhi yao wayapime kwangu. Mama Mukandekezi wa nyanya alikuwa akikohoa mbele yangu, ananitazama nisivyokohoa, anaondoka akijua hali yake. Sikumtoza mtu kitu. Nilikuwa mtu wa maana katika mtaa huu, na sasa si mtu tena. Hivyo naomba uyasikilize malalamiko haya mpaka mwisho.

1. Namna nilivyoondolewa.

Kwa kawaida Fanta hutolewa baada ya sindano. Siku ile Fanta ilitangulia, nikajua kuna msiba. Sista Mutoni akaniambia kwamba ile kemokini mnayoiita CXCL8, jina linalofanana na namba ya pikipiki, imepanda ndani yangu. Mliipima mara mbili katika sahani moja, mkarudia katika nyingine, na pote visima vyangu vilikuwa vya manjano. Akaniuliza juu ya homa, jino, kidonda, mafua, chanjo. Sikuwa na hata kimoja. Ndipo akasema, "Basi mzee, ihangane, vumilia tu, kwa sasa tunakupumzisha."

Kupumzishwa! Kama beki aliyefungisha goli. Na palikuwa na mama mmoja wa magongo kwenye benchi, mgonjwa wenu halali kabisa, aliyesikia yote akanipa pole. Nilirudi nyumbani na pole ya mgonjwa.

2. Chanzo cha yote.

Wakati ananisindikiza mlangoni, Sista alisema, kama mtu anayejisemea, kwamba wapo wataalamu wanaoshuku kuwa hata msongo wa mawazo unaweza kuvipandisha vitu hivi. Macho yangu yakafunguka palepale. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinachonila mimi kiko sebuleni kwangu. Jina lake ni Révérien, kaka wa mke wangu Nahimana. Alikuja kutoka Bujumbura na begi moja kwa ajili ya ubatizo wa mwanetu wa mwisho. Mtoto huyo sasa anatembea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sina shamba, nikampa ufagio wa duka. Hilo ndilo kosa langu kubwa. Alifagia, kisha akapanga ndoo kwa rangi, kisha akaanza kuwasalimia wapita njia. Wateja wameongezeka, jambo linalonitia wasiwasi mkubwa. Wanaingia dukani kwangu wakiuliza, "Révérien iko?" Nikisema hayuko, wanasema watarudi.

Nyumbani anaimba nyimbo za kanisa bafuni, sauti ya pili tupu, hata mtu anakaa anangoja sauti ya kwanza ambayo haiji. Anawafundisha wanangu kugawanya kwa kutumia maandazi, nao wanacheka wakigawanya. Mimi nilifundishwa kugawanya kwa kiboko na najua kugawanya mpaka leo. Nikikasirika ananimiminia chai, chai yangu mwenyewe, na kuniambia, "Muramu, shemeji yangu, wewe iko na hasira ya bure." Kwenye umuganda wa mwezi uliopita, ile kazi ya pamoja ya mtaa, alizibua mtaro ambao tulikuwa tumeuzoea. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alimshukuru mbele ya watu wote, halafu akanigeukia mimi akaniita "shemeji wa Révérien". Mimi, mwenye nyumba.

Utauliza kwa nini nisimwambie tu aondoke. Nilijaribu kuligusa jambo hili kwa mbali, tukiwa tunakula. Nahimana aliweka kijiko chini. Alisema, "Huyu akitoka kwa mdomo wako, mimi sitabaki hapa kukutazama." Ana ndugu huyo mmoja tu. Hivyo, Daktari, siwezi kumtoa kwa mdomo wangu, na kukaa naye siwezi. Nahitaji atolewe na sayansi.

3. Ushahidi nilioukusanya mwenyewe.

Msije mkasema naongea kwa chuki. Nilifanya utafiti. Kwa kuwa sina sahani ya visima, nilitumia pete yangu ya ndoa: mwili ukivimba haizunguki, mwili ukitulia inazunguka. Nilifuata taratibu zenu zote. Kila kipimo nilikifanya mara mbili. Na kwa kuwa ninyi huacha kisima kimoja kitupu cha kuhakikishia, mimi nilipima pia kidole cha mkono wa pili ambacho hakina pete. Hicho kilitoa sifuri kila mara, kwa hiyo matokeo ni ya kuaminika.

Révérien akiwa nyumbani, pete haizunguki. Nikamtuma Ndera, nje kidogo ya mji, kwa shangazi yao yeye na Nahimana, alale huko, amsaidie kupanda maharage. Asubuhi pete ikazunguka kama feni. Nilikuwa karibu kuandika hitimisho pale aliporudi kabla ya wakati, mkungu wa ndizi begani, watoto wakamkimbilia. Yule wetu wa mwisho, ambaye mpaka saa ile alikuwa anashikilia viti tu, akaachia kiti akapiga hatua zake za kwanza kumwendea yeye. Mimi nilikuwa nimekaa karibu zaidi. Niliumia, Daktari, sitaficha. Pete ilitoka kwa sabuni.

4. Kuhusu aliyechukua nafasi yangu.

Hapa naomba ushike meza. Siku niliyopumzishwa, Révérien alikuwa amenisindikiza, amekaa chumba cha kusubiri amenishikia koti. Sista Mutoni, kwa kuwa kundi limepungukiwa mtu, akamuuliza kama anaumwa popote. Akasema haumwi. Mkamtoa damu!

Visima vyake, nasikia, vilitoka vyeupe kama maji ya kuchemsha. Bila shaka vilitoka vyeupe. Mtu anayelala kwangu, anayekula kwangu, anayeamka akiimba, kitu gani kiite askari mwilini mwake? Sasa yeye ndiye mwenye afya wa kulinganishia. Fanta ni yake, biskuti ni zake. Mama Mukandekezi analeta kikohozi chake palepale dukani kwangu na kukikohoa mbele ya Révérien aliyekalia kiti changu, akitikisa kichwa polepole kama profesa. Mimi naandika barua juu ya ndoo.

5. Hitilafu katika sayansi yenu, ambayo nimeigundua.

Sista aliwahi kuniambia kwamba damu ikishatolewa huwekwa kwenye barafu na kuzungushwa haraka kwenye mashine, kwa sababu ikiachwa kwenye joto seli huendelea kutoa kemokini humohumo kichupani, na kipimo kinaharibika. Vizuri. Kama kichupa kidogo kinaharibika kwa kuachwa mezani, je, mimi niliyeachwa sebuleni na mtu huyu tangu ubatizo? Mnalinda damu yangu kuliko mnavyonilinda mimi.

Zaidi ya hayo, nimefikiri sana nikaona kwamba kemokini za nyumba moja ni fungu moja. Yeye hana taabu kwa sababu taabu yake ninaibeba mimi. Mlipompima yeye mlipima nusu nyeupe ya nyumba yangu, na mliponipima mimi mlipima nusu ya manjano. Mkijumlisha mkagawanya kwa mbili, sisi wote wawili ni wazima, na kiti ni changu.

Kutokana na ugunduzi huu, utafiti wenu wote inabidi uanze upya. Kila mgonjwa wa viungo aulizwe nani analala kwenye sofa lake, na huyo naye atolewe damu. Pia napendekeza vipimo viwekwe kwenye kituo cha mabasi cha Nyabugogo, ili kila anayeshuka na begi moja akisema amekuja kwa siku mbili apimwe kabla hajavuka barabara. Hali kadhalika kwenye sherehe za kuposa. Tulipokwenda kumposa Nahimana tulitoa ng'ombe, wazee wakatoa hotuba, tukaambiwa tumepewa binti. Hakuna mzee hata mmoja aliyetaja kwamba kuna kiambatisho. Kuanzia sasa, kabla ng'ombe hajakubaliwa, kaka zake binti wasimame mstari mmoja na mikono ya mashati wameikunja.

Maombi yangu, kwa unyenyekevu, ni haya. Niandikie barua, kwenye karatasi ya maabara, ikisema kwamba kwa sababu za kitaalamu Révérien na mimi tusilale nyumba moja. Usinitaje kama mwombaji. Isomeke kana kwamba mmeligundua wenyewe, kwa huzuni. Tafadhali iwe na muhuri, kwa maana mke wangu haamini mdomo, anaamini muhuri. Akishaondoka, nirudishwe kundini, nami naahidi visima vyangu vitakuwa vyeupe mpaka mtashangaa.

Nisalimie Sista Mutoni, ambaye sina ugomvi naye. Nisalimie kijana wa kwenye mashine ya kuzungusha, bawabu, na yule mama wa magongo, mwambieni pole yake nimeirudisha. Nahimana anawasalimu, ingawa hajui kwamba naandika.

Wako katika sayansi,

Gratien
(aliyekuwa mwenye afya)

Nyongeza:

Daktari, barua hii ilichelewa kuja kwa sababu niliiacha mezani nikaenda kutafuta bahasha. Révérien aliisoma. Nilipanga kumchukia kwa hilo, lakini nilikuta amesahihisha kwa penseli makosa yangu mawili ya tahajia, na pale nilipoandika kuhusu hatua za mtoto hakugusa kitu. Alikunja godoro lake, akafagia duka, akaenda Ndera kwa shangazi. Hakumwambia Nahimana sababu, alisema tu kwamba maharage yanahitaji kupaliliwa. Mpaka leo mke wangu anadhani ni maharage.

Nimekirudia kiti changu, na sijui nilikuwa nakitakia nini. Watoto wanagawanya kimyakimya. Mdogo anasimama mlangoni kila jioni, anangoja, kisha anakaa chini. Wateja wanauliza, nasema hayuko, na sasa hawasemi tena kwamba watarudi.

Wiki iliyofuata mlinitoa damu tena ili kurudia kipimo, na leo nilikuja huko kwenu kuchukua majibu. Visima vyangu vimekuwa vya manjano kuliko mara ya kwanza. Nilipotoka nikamkuta Révérien kwenye benchi. Naye alikuwa ameitwa kwa kipimo chake, na vyake pia vimegeuka. Sista Mutoni amempumzisha, akabaki akitutazama sisi wawili kama mtu aliyevunja sahani. Tulikunywa Fanta zetu bila kutazamana. Aliniuliza kama mtoto bado anaanguka. Nilimuuliza kama Ndera kuna baridi. Kisha yeye akapanda moto yake, pikipiki ya abiria, kuelekea kule, na mimi yangu kuelekea huku.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute, pamoja na ule ugunduzi. Niandikie barua nyingine, inayosema kwamba kwa sababu za kitaalamu Révérien arudi Gitega upesi, kabla sisi wote hatujavimba. Yeye anaona haya kurudi bila kuitwa, na mimi, baada ya kurasa hizi, naona haya kumwita. Basi mwiteni ninyi. Maabara ikimwita hatakataa, na akifika mlangoni nitajifanya nimeshangaa.