Ombi la Kurudishiwa Upana wa Gauni la Kijani

Kwa Shemeji, Fundi Cherehani,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na cherehani yako. Mimi pia ni mzima, ingawa hakuna anayeniamini.

Umenishonea tangu ulipomwoa dada yangu, na sijawahi kulalamika. Leo inanibidi. Gauni la kuvaa Jumamosi kwenye mahafali ya binti yangu limenikaa sawasawa, na hilo ndilo kosa lako.

1. Nilipolijaribu dukani kwako, mwanamke mwembamba alinijia. Nikampisha kushoto, naye akaja huko huko. Tulihangaishana mpaka dada akaniambia ni kioo. Bado anacheka.

2. Nimepungua kilo arobaini kwa miaka miwili ya kutembea na kuunyima mdomo wangu. Ndani ya magauni ya zamani hakuna aliyejua. Hili nimelivaa kazini masijala siku moja tu, nikapewa pole na watu saba. Mpika chai aliuliza nimefiwa na nani. Bosi alifunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba siku hizi kila ugonjwa una dawa, kisha akanipa ruhusa ya siku tatu. Ndiyo ninayoitumia kukuandikia.

3. Mikono umeikata mifupi. Nikimpungia mtu, mimi nikiacha, ngozi inaendelea kuaga.

4. Hili limeniuma. Nimegeuza gauni, nikakuta ndani ya mshono umeacha kitambaa cha vidole vinne kila ubavu. Zamani nilikuwa nakuomba uache kitambaa cha ziada, maana nilijijua. Safari hii sikukuomba. Kumbe hata wewe unangoja ninenepe.

Basi fumua, achia vidole vyote, ongeza na kitambaa kingine, mpaka arudi yule Bonge wanayemjua watu. Sitaki binti yangu aulizwe mbele ya wenzake mama yake anaumwa nini. Na kusema kweli, Bonge nilimzoea. Huyu mwingine simjui, namwonea aibu.

Msalimie dada, wanao, na kile kioo.

Wako katika mshono,
Shemeji Bonge

N.B. Usiguse gauni. Binti amenikuta nimelivaa nikiandika, akanikumbatia kwa nyuma, na mikono yake ikakutana tumboni kwangu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Amekataa kuniachia, ndiyo maana mwandiko umepinda. Vile vidole vinne viache humo humo ndani. Bonge ndiye aliyemlea huyu mtoto, naye ana haki ya kuhudhuria mahafali.